Kijito Kisichopakwa Rangi

Mama Rangi hakuwa na urafiki na taa. Ukitaka kumwona amekasirika, chukua kipande cha kitambaa, kiweke chini ya taa, halafu muulize kama rangi imekaa sawa. "Toa upuuzi wako hapa," angekuambia. "Taa ni mwongo. Peleka dirishani." Na awe kibarua wa jana au msimamizi mwenye funguo kumi kiunoni, mtu alibeba kitambaa chake mpaka dirishani bila kubisha, maana katika chumba cha rangi cha kiwanda kile cha nguo neno la mwisho lilikuwa lake.

Miaka ishirini na sita alikuwa akichanganya rangi. Alipima unga kwenye mizani ndogo, akaukoroga kwa maji ya moto ndani ya ndoo, akachovya kitambaa, akakikausha kwa pasi, akakilinganisha na kile alicholeta mteja. Kikikataa, anaanza upya. Kuna mwaka kiwanda kilileta mashine ya kusoma rangi, wakaiweka mezani kwa mbwembwe, wakaionyesha samawati, nayo ikasema ni kijani. Mama Rangi alicheka mpaka akakaa chini. Mashine ile ipo hadi leo. Vijana huweka vikombe vya chai juu yake.

Mteja akitaka damu ya mzee ambayo si nyekundu sana wala haiendi kwenye kahawia, anaambiwa amsubiri mama. Hakuna alichoandika. Vipimo vyote vilikuwa kichwani, na kila rangi aliyoitoa aliijua hata akikutana nayo barabarani, kwenye shati la mtu asiyemfahamu, baada ya miaka mitatu. "Wewe nimekuvisha mimi," angemwambia huyo mtu, na mtu angeshangaa. Watoto wa mtaani walimngoja jioni getini wamshike vidole. "Bibi, leo mmepika nini?" Naye huwanyooshea kucha: "Someni wenyewe."

Sasa nije kwa Kitinda, na nitajitahidi kusema kwa adabu, maana nikijiachia nitatukana bure. Kitinda ni mdogo wa kiume wa Mama Rangi, kitindamimba wa mama yao, na jina likamganda hivyo hivyo mpaka akaota mvi. Mama yao alifariki mtoto hajasimama dede. Dada yake, msichana wa miaka kumi na tatu, akaacha shule, akamfunga mgongoni, akamlea. Alimfundisha kuhesabu kwa vifungo vya shati. Siku ya kwanza ya shule alimsindikiza, na aliyelia mlangoni ni dada, siyo mtoto. Alipochumbiwa, alimwambia mchumba mbele ya wazee: "Ukinichukua mimi umemchukua na huyu, kama huwezi, mlango ni ule." Mwanamume akawachukua wote wawili. Na yeye alipopata kazi kiwandani hakutulia mpaka Kitinda naye kaingia. Alianza kwa kufagia, akapanda ngazi moja moja, akaishia kuwa msimamizi wa mabwawa.

Mabwawa ni matatu, nyuma ya kiwanda. Maji machafu ya rangi yanatakiwa yaingie la kwanza yatulie, yapite la pili, yasafike la tatu, ndipo yaachiwe kijitoni. Kijito chenyewe kinapita nyuma ya shule ya msingi, kinashuka bondeni, na huko bondeni akina mama wanalima mboga ambazo mtaa mzima unakula. Kwa hiyo unaona mwenyewe kazi ya Kitinda ilivyokuwa. Alikuwa amesimama kati ya ndoo za dada yake na sufuria za watu.

Miaka saba iliyopita watu walipiga kelele. Mama mmoja mkulima alikuja getini na fungu la mboga, mizizi yake ina mistari ya zambarau, akalitupa miguuni mwa askari. Siku ile ile Kitinda alimwita dada yake, akampeleka bwawa la tatu. Maji meupe pe, unaona hadi chini, na visamaki viwili vinazunguka. "Ilikuwa hitilafu, dada. Tumerekebisha. Hebu tazama. Mimi wa kukudanganya wewe?"

Mama Rangi akavaa kanga yake safi, akaenda nyumba kwa nyumba. Siku mbili alitembea. Hakuna aliyemtuma, roho yake tu ilimtuma. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Anayelinda yale maji ni mdogo wangu, na mdogo wangu nimemlea mimi. Naapa kwa mgongo huu uliombeba. Kuleni mboga zenu." Na watu wakala. Wasingemwamini meneja, wasingeamini barua yenye mihuri, lakini Mama Rangi ni mtu aliyezoea kumwambia mteja usoni kwamba rangi aliyoagiza haimpendezi. Akiapa, ameapa. Yeye mwenyewe alikuwa mteja wa kwanza bondeni kila Jumamosi, na mjukuu wake, yule wanayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika, alikulia kwenye mboga zile. Mama yake Chiriku anafanya kazi mji mwingine. Mtoto ni wa bibi.

Basi mwaka huu shule ikapata mwalimu wa uchoraji, dada mmoja mchangamfu, mwembamba, mwenye bidii ya kuanza kazi. Akawaambia watoto wachore dunia yao na namna ya kuitunza. Shule haina rangi. Ina penseli, na hizo zenyewe watoto hukatiana nusu kwa nusu. Lakini wiki tatu baadaye michoro ilipobandikwa ukutani siku ya wazazi, nyie! Darasa zima liliwaka. Miti ya kijani kibichi, mapaa ya damu ya mzee, mbingu ya samawati, jua la manjano lenye mionzi inayofika mpaka pembeni ya karatasi. Wazazi wakapiga makofi. Kila mmoja akadhani mzazi wa mwenzake ndiye aliyenunua rangi, na mwalimu akadhani ni wote.

Mama Rangi aliingia akiwa na haraka, alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu. Chiriku akamvuta mpaka kwenye mchoro wake. "Hiki kiwanda, hii shule, huyu wewe, umeshika ndoo."

"Mbona umeninenepesha?"

"Karatasi ilikuwa kubwa, Bibi."

Watu wakacheka. Mwalimu akasogea, akasema jambo ambalo lilikuwa likimsumbua tangu asahihishe. "Mama, kuna kitu sikielewi. Tazama, wamepaka kila kitu. Wamepaka hadi mawe. Lakini kijito wamekiacha cheupe, karibu wote. Nilipowauliza wanacheka tu."

Ni kweli. Michoro kama arobaini, na katikati ya karibu kila mmoja kijito kimechorwa kwa penseli, kingo mbili, ndani karatasi tupu. Mama Rangi akamgeukia mjukuu wake. "Kwa nini hukukipaka?"

"Mwalimu alisema tupake rangi ya kweli," Chiriku akasema. "Sasa kijito kina rangi gani? Inategemea siku."

Wazazi wakacheka tena. Watu wazima tuna tabia hiyo, mtoto akisema neno zito tunacheka. Mama Rangi hakucheka. Aliubandua mchoro ukutani, taratibu, akaupeleka dirishani.

Ile ilikuwa damu ya mzee yake. Si nyekundu sana, wala haiendi kwenye kahawia. Aliilamba ncha ya kidole, akaisugua kwenye paa la nyumba ya karatasi, rangi haikutoka. Akageuza karatasi, mwalimu alikuwa ameandika tarehe nyuma. Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Na Jumanne ile ndiyo siku walipopaka mzigo wa sare za damu ya mzee, ndoo kumi na moja, alizikoroga kwa mikono hii hii. Akachukua mchoro mwingine, na mwingine. Kijani cha Alhamisi, samawati ya Jumatatu. Ukuta mzima wa darasa ulikuwa umepakwa kazi yake ya wiki tatu.

"Chiriku. Rangi hizi mmezitoa wapi?"

"Dukani."

"Duka lipi?"

"Bombani, Bibi. Sisi tunapaita dukani."

Mtoto akampeleka, mwalimu akifuata nyuma na viatu vyake vya siku ya wazazi. Walipita tundu la uzio, wakaingia kwenye matete, na huko ndani, mahali ambapo mtu mzima hapiti maana hana la kutafuta, kulikuwa na bomba nene kama paja limetoa mdomo juu ya kijito. Chini ya mdomo huo mawe yalikuwa na rangi tabaka juu ya tabaka. Chiriku akaeleza kwa fahari, kama mwenye mali. Kengele ya mapumziko ya mchana ikilia, haupiti muda, bomba linakoroma. Ukiwahi, rangi inatoka nzito kama uji, unakinga kwa kifuniko cha chupa. Ukichelewa, unapata maji ya rangi tu, hayafai. Mchana ule ule likakoroma. Likatoa manjano, mazito, yakaanguka kijitoni na kusambaa, na hatua hamsini kule chini yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na tope, huwezi kujua. Manjano yale Mama Rangi alikuwa ameyakoroga asubuhi, kabla hajaomba ruhusa.

Akamshika mjukuu wake mkono, akautazama kwa mara ya kwanza kama anavyotazama kitambaa. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imebambuka na kuota vipele. Mwezi mzima alikuwa akimpaka mafuta na kulaumu sabuni.

Hakurudi kazini kwake. Alikwenda moja kwa moja mabwawani, amebeba michoro sita aliyomwomba mwalimu. Kitinda alikuwa kwenye kijumba chake cha mabati, anakula mhogo wa kuchemsha. Alipoiona michoro mezani, alitabasamu kwanza. Kisha dada yake akaweka kidole kwenye paa la damu ya mzee, akasema, "Hii ni ya Jumanne," na tabasamu likakauka.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Bomba la kwenye matete ni la nani?"

Kitinda akaanza kuzunguka mbuyu. Bomba la zamani, labda limepasuka, labda vijana wa zamu. Mama Rangi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Mwanangu, nilikufundisha kuhesabu. Nihesabie hayo mabwawa yanayofanya kazi." Alimwita mwanangu, siyo mdogo wangu. Alikuwa akimwita hivyo zamani, akiumwa.

Na Kitinda akalia. Jitu zima lenye mvi, likalia na mhogo mkononi. Akasema pampu ilikufa miezi mitatu iliyopita. Meneja hataki kununua nyingine. Ameambiwa afungue bomba la pembeni mchana, kwa muda mfupi, watu wakiwa makazini. Akikataa, kazi hana. Miezi mitatu tu, dada. Usiku halali. Alikuwa akitafuta namna ya kumwambia.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningemrushia huo mhogo. Lakini mtu aliyembeba mtoto mgongoni hana ubavu wa kumwona mtoto huyo akilia. Mama Rangi alikaa. Alimfuta machozi kwa pindo la kanga. Wakapanga: Jumamosi shule ina mkutano wa wazazi. Watasimama pamoja, dada na mdogo wake, waseme ukweli, watu waache kijito na mboga mpaka pampu ije. Mtaa mzima hauwezi kufukuzwa kazi. "Nitasimama nawe, dada," Kitinda akasema. "Kwa mgongo ulionibeba." Akaomba aachiwe michoro, amwonyeshe meneja kabla ya siku hiyo, labda roho yake italainika.

Akamwachia. Yote sita. Hapo ndipo ninapotaka kuuma meza! Mwanamke ambaye hakuwahi kuamini taa, hakuwahi kuamini mashine, aliyepeleka kila kitu dirishani, huyu mmoja hakumpeleka. Mtu unayemlea humkagui, na hilo ndilo kosa lake, wala hajalitafutia jina jingine.

Jumamosi darasa lilijaa, wengine walikaa kwenye madirisha. Mwalimu wa uchoraji alikuwa amejibana kwenye kona, ameshaonywa asifungue mdomo. Ukuta ulikuwa mtupu. Asubuhi ile mwalimu mkuu alikuwa ameamriwa, na nani, mwenyewe hasemi, aibandue michoro yote ikahifadhiwe. Mama Rangi alimwekea mdogo wake nafasi kwenye benchi, akaiwekea mkoba wake juu ili mtu asiichukue.

Kitinda aliingia kwa mlango wa mbele, na walimu, akakaa meza kuu. Alikuwa amevaa shati jeupe alilonunuliwa na dada yake siku alipopandishwa cheo. Akapewa nafasi ya kwanza. Akasimama, akakohoa.

"Ndugu wazazi, nimetumwa na kiwanda kuomba radhi. Ni kweli kuna rangi iliingia kijitoni. Tumechunguza. Kuna mfanyakazi wetu mmoja wa chumba cha rangi, wa siku nyingi, macho na kumbukumbu vimeanza kumtupa. Amekuwa akimwaga mabaki ya ndoo kwenye mfereji wa mvua badala ya kuyapeleka mabwawani. Hakufanya kwa ubaya. Tumempumzisha kuanzia leo." Akateremsha sauti. "Ni dada yangu. Inaniuma kuliko ninyi."

Darasa zima likageuka kumtazama. Mkono wa Mama Rangi ulikuwa bado juu ya mkoba. Anasema hakusikia aibu kwanza. Alidhani Kitinda amekosea, kwamba ataendelea, kwamba sasa hivi atasema "lakini." Alingoja hiyo "lakini" mpaka mdogo wake akakaa.

Ndipo akasimama. "Kitinda, waonyeshe michoro niliyokupa."

"Michoro ipi, dada?"

Alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, na upole ule ndio uliomkata maini. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Hakuna mfereji," Mama Rangi akawaambia watu. "Kuna bomba, liko kwenye matete, linatoka mabwawani. Nimeliona kwa macho yangu. Sijamwaga hata kikombe."

Chiriku, aliyekuwa ameketi sakafuni na wenzake, akadakia kama kawaida yake. "Na mwezi uliopita Bibi alipolazwa hospitali wiki nzima, mbona tulipata zambarau? Nani alimwaga? Babu Kitinda, si tunakuona ukizungusha lile gurudumu?"

Watoto wakaitikia, "Ndiyo! Gurudumu jekundu!" Kitinda akapiga meza. "Mtoto huyu mwongo. Kila mtu anamjua kwa maneno mengi." Chiriku akafunga mdomo. Katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumwona akifunga mdomo namna ile, na babu yake huyu ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani.

Kelele zikapanda. Wengine walimwamini mtoto, wengine walisema kiwanda kimeshaomba radhi, tunataka nini tena. Mama Rangi akapaza sauti. "Jamani, achaneni na mimi. Niiteni kipofu, niiteni mchawi. Lakini watoto wasiguse yale maji, na mboga za bondeni msile. Naapa..."

"Usiape." Aliyesema ni yule mama mkulima wa mizizi ya zambarau. Hakupandisha sauti. "Kiapo chako cha kwanza, Mama Rangi, mwaka wa saba huu tunakila."

Mama Rangi akaokota mkoba wake. Alimshika Chiriku mkono wakatoka. Nyuma yao mkutano uliendelea na habari za karo ya mitihani.

Shukrani ya punda ni mateke, sawa, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini punda hakumwita mtu dada. Jumamosi ile Mama Rangi alilia mpaka akachoka, akakasirika, akamlaani mdogo wake, akaifuta laana kwa kuogopa isije ikampata. Kazi ilimuuma, jina lilimuuma. Lakini kilichomkera zaidi ya vyote ni kwamba kesho yake watu wangekwenda bondeni kununua mboga, na wangekwenda kwa sababu yake. Neno lake lilikuwa bado linatembea mtaani peke yake, na hakuna mwingine wa kulirudisha.

Jumapili asubuhi akavaa, akaenda nyumba kwa nyumba. Njia ile ile ya miaka saba iliyopita, milango ile ile. Safari hii hakuapa. Alisema, "Nilikuja nikawaambia maji ni masafi. Sikujua, lakini nilisema. Nimekuja kulichukua neno langu. Watazameni watoto vidole." Mlango wa kwanza mwanamume alimsikiliza amesimama, akamwita mwanawe, akamfunua viganja, akaita mkewe. Mlango wa tatu ulifungwa usoni pake. Wa tano walimcheka: "Umepumzishwa kazi ndiyo unakumbuka?" Kwa mama mkulima alikaa muda mrefu zaidi. Huyo hakumkaribisha kiti, ila alimsikiliza, mwisho akauliza, "Sasa mimi nitalima wapi?" Mama Rangi akasema hajui. Akaambiwa, basi angalau hilo ni kweli. Mwalimu wa uchoraji alimkuta njiani, akafuatana naye bila kuitwa, akiandika majina ya watoto wenye vipele. Kufikia alasiri walikuwa na majina kumi na tisa.

Ulibaki mlango mmoja, nyumba ya Kitinda. Mwalimu alisema huo tuuache. Mama Rangi akasema hapana, mle ndani mna watoto watatu na hawana kosa, na kama baba yao hana akili mama yao anazo. Akamwacha mwalimu barabarani, akabisha hodi.

Alifungua wifi yake. Wanawake hawa hawakuwahi kugombana, ila hawakuwahi kuzoeana pia. Wifi alikuwa mtu wa salamu fupi, na Mama Rangi siku zote alidhani ni tabia tu. Ndani kulisikika kiti kikisogezwa. Kitinda alikuwamo, na hakutoka.

"Wifi, sikuja kugombana," Mama Rangi akasema. "Nimekuja kwa ajili ya watoto. Mboga za bondeni msiwape tena. Maji yale si mazuri. Niliwaambieni mle, nimekosa, nisamehe."

Wifi akamtazama kama mtu asiyeelewa anachoambiwa. "Mboga za bondeni?" akasema. "Wifi, hizo hazijaingia jikoni kwangu mwaka wa saba. Alinikataza kabla hujaja kuapa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetupa fungu zima."

"Alikukataza lini?"

"Siku hiyo. Alisema bwawa la tatu walilijaza maji ya bomba, wakatia samaki, watu watulie. Akasema tununue mboga sokoni, kule juu, na watoto wasikanyage kijitoni." Akashusha macho, akayainua tena. "Na jioni yake wewe ukaja hapa mlangoni ukaapa kwa mgongo wako. Nikasema moyoni, mwanamke huyu anaweza! Tangu siku hiyo nikakuogopa. Nilidhani unajua, wifi. Dada yake aliyemlea, amwambie mke, yeye dada amfiche? Nilidhani nanyi kwenu hamzili."

Mama Rangi alishika mlango. Kule ndani kiti kilisogezwa tena, na mtu hakutoka.

"Sasa mlikuwa mnakula nini?" wifi akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa na hofu. "Chiriku alikuwa anakula nini?"

"Hizo," akasema Mama Rangi. "Kila siku. Hizo hizo."